Saratani ya tezi dume: uangalizi, upasuaji, mionzi au homoni? Ulinganisho kwa familia za Dodoma

Mzee akiambiwa ana saratani ya tezi dume, familia nzima huuliza swali moja: tiba ipi ni bora? Daktari anayejua kazi yake hatalijibu hapohapo. Atataka kujua kwanza saratani imefika wapi, ina ukali gani, mzee ana umri gani na magonjwa gani mengine, anaishi wapi, nani yuko naye nyumbani, na kitu gani hayuko tayari kukipoteza. Nimesindikiza wazee wa ukoo wetu kwenye kliniki za hapa Dodoma, na nimeona tofauti kati ya mgonjwa aliyechagua akijua anachochagua na yule aliyesukumwa. Tiba inaweza kuwa ileile. Lakini madhara yanapokuja, wa kwanza huyapokea kama jambo aliloambiwa, na wa pili huona amedanganywa.

Majibu matatu ya kuwa nayo mkononi

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha familia ina majibu ya PSA, majibu ya kinyama na majibu ya picha.

PSA ni kipimo cha damu. Ikiwa juu, haina maana kwamba ni saratani moja kwa moja. Tezi iliyotanuka kwa umri huipandisha, maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, na mzee aliyewekewa mpira wa mkojo hivi karibuni baada ya mkojo kuziba anaweza kusomeka namba ya kutisha bila kuwa na saratani yoyote. Jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama. Daktari huchukua vipande vyembamba vya tezi kwa sindano, kwa kawaida kama 12, na maabara huvipa alama ya Gleason. Alama 6 ni saratani inayokwenda polepole, 7 ni ya kati, 8 hadi 10 ni kali. Picha nazo huonyesha kama ugonjwa bado uko ndani ya tezi au umeshatoka, na sehemu unayopenda sana kukimbilia ni mifupa: uti wa mgongo, nyonga, mbavu.

Kutokana na hayo madaktari huwagawa wagonjwa. Hatari ndogo ni PSA chini ya 10, Gleason 6, na uvimbe mdogo ulio ndani ya tezi. Hatari ya kati ni PSA kati ya 10 na 20, au Gleason 7. Hatari kubwa ni PSA zaidi ya 20, au Gleason 8 kwenda juu, au saratani iliyovuka ganda la tezi. Kisha kuna kundi ambalo saratani imesambaa mwilini. Jirani aliyepona kwa mionzi anaweza kuwa alikuwa kundi tofauti kabisa na baba yako. Msikilizeni kwa heshima, lakini ushauri wake msiugeuze kuwa uamuzi.

Ikiwa bado iko ndani ya tezi

Hapa ndipo kuna uchaguzi wa kweli, na hapa ndipo watu hukosa usingizi bure wakidhani kila saa inayopita ni hatari. Saratani iliyo ndani ya tezi, hasa ya hatari ndogo, inampa mtu wiki kadhaa za kufikiri, kuuliza na kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Utafiti mkubwa uliolinganisha njia tatu ana kwa ana ulifanyika Uingereza na unaitwa ProtecT. Wanaume 1,643 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliwekwa kwenye uangalizi (kufuatiliwa kwa vipimo bila kutibiwa kwanza), wengine wakaondolewa tezi, wengine wakapewa mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalichapishwa mwaka 2023. Nayaweka hapa pamoja na yale ya awali kuhusu mkojo na nguvu za kiume:

| | Uangalizi | Upasuaji | Mionzi |
|---|---|---|---|
| Waliokufa kwa saratani hii ndani ya miaka 15 | 3.1% | 2.2% | 2.9% |
| Ambao saratani ilisambaa mwilini | 9.4% | 4.7% | 5.0% |
| Waliokuwa wanavaa pedi za mkojo mwaka wa 6 | 8% | 17% | 4% |
| Waliokuwa na nguvu za kutosha kwa tendo la ndoa baada ya miezi 6 | 52% | 12% | 22% |
| Waliokuwa nazo mwaka wa 6 | 30% | 17% | 27% |

Kabla ya tiba, wenye nguvu hizo walikuwa 67%.

Msitari wa kwanza ndio unaoshangaza. Kwa upande wa kufa, tofauti kati ya njia tatu ni ndogo mno kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema moja inashinda nyingine. Kwa hiyo mzee wa kundi hili anapoulizwa achague, kwa sehemu kubwa anaulizwa madhara gani anaweza kuishi nayo. Upasuaji hugonga mkojo na tendo la ndoa mapema, kisha baadhi hurudi. Mionzi huacha mkojo salama zaidi, ila inaweza kusumbua utumbo wa nyuma: kuharisha, kutoka damu, na kwa baadhi yao miaka mingi baadaye, kuvujisha choo. Uangalizi hauna madhara ya tiba, lakini saratani ilisambaa kwa watu karibu mara mbili zaidi, na kufikia miaka 15 waliokuwa kwenye uangalizi wapatao 6 kati ya 10 walikuwa wameshahamia upasuaji au mionzi.

Jambo moja ni lazima daktari wetu aliseme wazi anapotumia namba hizi: karibu washiriki wote wa utafiti huo walikuwa wazungu. Nchini Uingereza penyewe, mwanaume mweusi 1 kati ya 4 hugundulika kuwa na saratani hii maishani, wakati kwa wanaume wote kwa ujumla ni 1 kati ya 8. Namba za ProtecT zinafundisha mengi kuhusu madhara ya kila tiba. Kuhusu kasi ya ugonjwa kwa mzee wa Mpwapwa au Bahi, ningezishika kwa tahadhari.

Na uangalizi si kuachwa. Una ratiba: PSA kila baada ya miezi mitatu hadi sita mwanzoni, daktari kupima kwa kidole, kinyama kurudiwa baada ya muda, na makubaliano ya mapema kwamba dalili fulani ikionekana mnaanza tiba. Mtumishi anayeishi Area C au Kisasa, mwenye bima na kliniki karibu, anaweza kuifuata ratiba hiyo bila shida. Mzee anayeishi kijijini ndani ya Kondoa, ambaye nauli ni mjadala wa kikao cha familia, baada ya mwaka mmoja ataacha kuja, na hapo uangalizi umeshageuka kutelekezwa. Daktari akiupendekeza bila kuuliza mgonjwa atarudije, mwulizeni nyinyi.

Kwa mzee sana, au mwenye moyo dhaifu au figo zilizochoka, kuna njia nyingine ya upole zaidi: kungoja, na kutibu dalili tu zikitokea. Madaktari kwa kawaida hupendelea upasuaji au mionzi ya kuponya kwa mtu wanayemtarajia kuishi angalau miaka 10 zaidi. Familia nyingi husikia hili kama mzee amekatiwa tamaa. Sivyo. Mzee wa miaka 82 mwenye saratani ya polepole ana nafasi kubwa ya kufa kwa sababu nyingine huku ugonjwa huo ukiwa kimya mwilini, akiwa amekula na kutembea vizuri hadi mwisho.

"Atafanyiwa upasuaji": upi?

Nimeona familia zikirudi nyumbani zikiamini saratani imeondolewa, kumbe kilichofanyika ni kingine. Kuna operesheni tatu tofauti, na zote hutajwa kwa neno moja.

Ya kwanza ni kuondoa tezi nzima pamoja na vifuko vya mbegu. Hii ndiyo ya kuponya, na inafaa pale saratani haijasambaa. Mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili baadaye. Ya pili ni kukwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo ili mkojo upite. Inaleta nafuu kubwa kwa aliyeziba, lakini haiondoi saratani yote. Ya tatu ni kuondoa korodani, ambayo haigusi tezi kabisa. Kazi yake ni kukata homoni ya kiume inayoilisha saratani. Mkiambiwa "upasuaji", ulizeni ni upi kati ya hizi, na unakusudia kuponya, kufungua njia au kupunguza kasi.

Kwa ule wa kuondoa tezi nzima, mwulizeni daktari ameufanya kwa wagonjwa wangapi. Swali hilo si utovu wa adabu. Ujuzi wa mpasuaji una uzito mkubwa kwenye suala la mkojo na nguvu za kiume, na daktari mzoefu hulijibu bila kununa. Kama hospitali yake haiufanyi mara kwa mara, atawaelekeza kwa anayeufanya.

Mionzi na hesabu ya safari

Kwa ukanda wetu wa kati, mionzi kwa wengi imekuwa na maana ya rufaa: Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando kule Mwanza, ambayo kwa watu wa Singida inaweza kuwa karibu zaidi. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imefanya safari ya Dar kuwa ya saa chache. Safari hata hivyo ndiyo sehemu rahisi. Mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, kila siku dakika chache, na mtu lazima alale jirani.

Ndiyo maana swali la idadi ya siku lina thamani kubwa kwetu kuliko kwa mtu anayeishi mtaa wa pili na mashine. Ratiba ya zamani ni vipindi 37 au zaidi, yaani wiki saba hadi nane. Utafiti wa Uingereza uitwao CHHiP, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa vipindi 20 vya dozi kubwa kidogo, kwa wiki nne, vinadhibiti saratani sawa na ile ndefu. Mwulizeni daktari wa mionzi kama mzee wenu anafaa kwa ratiba fupi. Mwezi mmoja wa kulala kwa shangazi Temeke ni tofauti na miezi miwili, kwa mzee na kwa shangazi pia.

Mionzi pia huja na tiba ya homoni, yaani ya kukata homoni ya kiume inayoilisha saratani, kwa wenye hatari ya kati au kubwa: kama miezi sita kwa kundi la kati, na kati ya mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu kwa kundi la hatari kubwa. Ulinganisho wa "kukatwa dhidi ya kupigwa mionzi" ambao hautaji tiba hii ya homoni haujakamilika, kwa sababu ndiyo inayomchosha mzee muda mrefu baada ya mionzi yenyewe kusahaulika.

Kuna hoja nyingine ya mpangilio. Aliyeondolewa tezi, saratani ikirudi pale ilipokuwa, bado anaweza kupewa mionzi. Aliyeanza na mionzi, kumpasua baadaye ni kazi ngumu yenye madhara mengi, na wapasuaji wengi huikwepa. Kwa mwanaume wa miaka 55 mwenye afya njema, mimi ningeipa hoja hii uzito. Kwa wa miaka 73 mwenye presha na sukari, nisingeipa.

Ikiwa imeshasambaa: korodani au sindano

Wazee wetu wengi hufika hapa. Wamekuja kwa maumivu ya mgongo yaliyotibiwa kama uchovu wa shamba, au kwa mkojo kuziba. Katika hatua hii lengo ni kuidhibiti saratani kwa miaka, na njia kuu ni kuinyima homoni ya kiume. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa korodani hupunguza saratani ya tezi dume, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Njia yake bado inafanya kazi vizuri sana, na sindano za kisasa zinalenga matokeo yaleyale.

Nilikuwepo chumbani mzee mmoja wa Kongwa, mfugaji, alipoelezwa. Daktari alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zake. Alimwamkia, akageuza karatasi ya majibu na kuchora nyuma yake kibofu, tezi na korodani, na mshale unaotoka korodani kwenda kwenye tezi. Mzee akaitazama michoro ile muda mrefu.

"Kwa hiyo mjukuu wangu, unataka kunifanya maksai?"

Daktari hakucheka. "Mzee, nisikufiche. Sindano nayo inafanya hivyohivyo. Tofauti ni kwamba haionekani, na ukiiacha, nguvu ya homoni hurudi na saratani hurudi nayo."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Wagonjwa wengi huchagua sindano wakiamini itawalindia uanaume. Hailindi. Kwa njia zote mbili hamu ya tendo hupungua au kuisha, vipindi vya joto la ghafla huja, misuli hupungua na tumbo kuongezeka, mifupa hudhoofika, hali ya moyo na sukari huhitaji kuangaliwa zaidi. Kinachotofautiana ni mengine. Operesheni ni ndogo, kwa ganzi, mara moja, na homoni hushuka ndani ya saa chache. Haina cha kusahau wala cha kununua tena, lakini haiwezi kurudishwa. Sindano ni ya kila mwezi au kila miezi mitatu, maisha yote kwa wengi, na inaweza kusimamishwa madhara yakizidi. Wiki za mwanzo, zile za aina ya goserelini huipandisha homoni kwanza kabla ya kuishusha, kwa hiyo mwenye saratani kwenye uti wa mgongo lazima apewe vidonge vya kinga kabla. Daktari asipovitaja, mkumbusheni.

Kisha daktari yule akauliza maswali ambayo hayamo kwenye kitabu cha dawa. Mvua zikikata barabara, utakujaje? Sindano ikikosekana dirishani, nani atainunua nje? Mzee akamtazama mwanaye, mwanaye akatazama sakafu. Daktari akaongeza kwamba inawezekana kutoa nyama ya ndani ya korodani na kuacha ganda, ili mfuko usibaki mtupu. Mzee akaomba akaongee na mkewe kwanza. Aliporudi alichagua operesheni, na ni mkewe aliyeeleza sababu: hawakutaka kila miezi mitatu kuuza mbuzi.

Maoni yangu ni haya. Kwa mzee ambaye saratani imesambaa, anayeishi mbali na asiye na bima ya uhakika, operesheni mara nyingi ni salama zaidi kwa sababu dozi haiwezi kukatika. Kwa anayepewa tiba ya homoni pamoja na mionzi kwa muda maalumu, sindano ndiyo yenye mantiki, kwani kipindi kikiisha homoni inaweza kurudi. Na kwa mwanaume ambaye wazo la kukatwa linamvunja moyo kiasi cha kuikimbia hospitali, sindano inayochomwa ni bora kuliko operesheni anayoikataa.

Ulizeni pia kuhusu kuongeza dawa mapema. Kuongeza vidonge vya abirateroni pamoja na prednisoloni, au dripu za dosetakseli kila wiki tatu kwa mizunguko sita, juu ya kukata homoni, kumeonekana kurefusha maisha ya wagonjwa wengi waliosambaa saratani. Abirateroni huhitaji kufuatilia presha, ini na chumvi za damu. Dosetakseli huhitaji mwili wenye nguvu za kuistahimili. Mwenye bima ya afya ya taifa (NHIF) aangalie mapema kitita chake kinagharamia nini. Asiye na uwezo aanzie ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali kabla ya kuuza shamba.

Madaktari nao wana mwelekeo

Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2000 uliwauliza wataalamu kuhusu mgonjwa wa aina moja. Wapasuaji walielekea kupendekeza upasuaji, wataalamu wa mionzi wakaelekea kuitetea mionzi. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja aliamini kazi ya mikono yake. Kwa hiyo, kwa saratani iliyo ndani ya tezi, mzee akiweza aonane na bingwa wa njia ya mkojo na pia daktari wa mionzi kabla ya kusema ndiyo. Kama Dar ni mbali kwa ajili ya mazungumzo tu, ombeni daktari wenu awasiliane na mwenzake na awaletee jibu.

Kuna daktari anayeamua peke yake, na wazee wengi humpenda: "Wewe ndiye msomi, mwanangu, sema wewe." Kuna anayesoma orodha ya tiba kisha anasema "chagueni", na familia hutoka imechanganyikiwa kuliko ilivyoingia. Ninayemtafutia mzee wangu ni yule anayeuliza: "Kati ya kuvuja mkojo, kupoteza nguvu, na kuishi ukijua saratani iko ndani haijaguswa, lipi litakusumbua zaidi?" kisha baada ya jibu anasema bila kuzunguka, "Kwa hayo uliyoniambia, mimi ningekushauri hivi." Akikosa kuuliza, mzee aseme mwenyewe. Na kama Kiswahili cha hospitali kinampita, aelezwe kwa Kigogo au Kirangi na mtu mzima anayemheshimu, asiwe mjukuu wa darasa la sita kwenye habari za tendo la ndoa.

Watoto wasimfiche baba ugonjwa wake. Daktari hawezi kumsaidia kuchagua mtu ambaye hajui anachougua. Na mama awepo chumbani kama mzee ameridhia, maana ndiye atakayefua shuka na kuhesabu vidonge.

Pale ambapo hakuna cha kulinganisha

Mzee mwenye saratani hii akianza kuishiwa nguvu miguuni, akahisi ganzi sehemu za siri, akashindwa kuzuia choo au mkojo, au maumivu ya mgongo yakaongezeka ghafla, saratani inaweza kuwa inabana uti wa mgongo. Msisubiri tarehe ya kliniki wala siku ya soko ambayo gari hupatikana. Mpelekeni hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, mkiwa na karatasi zake zote, na mlangoni semeni kwanza: ana saratani ya tezi dume na miguu imeanza kulegea.